KIBERITI! Eti niondoe kiberiti kwenye picha ya klabu!

Mkia_wa_Msafara (mleta mada)

Wakuu, salamu nitatoa siku nyingine.

Ndiyo kwanza nimeingia nyumbani. Helmeti iko kichwani, naandika kwa kidole kimoja maana glavu ya pili imegoma kutoka. Siivui helmeti mpaka nimalize huu uzi.

Leo ilikuwa safari ya mwezi ya klabu yetu ya pikipiki. Mhusika simtaji, mnamjua. Yule mwenye koti la ngozi lenye viraka vingi kuliko kilomita alizowahi kuendesha. Yule ambaye mtambo wake huoshwa kabla ya safari, katikati ya safari na baada ya safari, na wingu likitanda kidogo tu basi siku hiyo "ana msiba". Huyohuyo.

Tumefika mwisho wa safari. Pikipiki zimepangwa mstari mmoja, sukani zote zimelala kushoto, jua limekaa vizuri. Ya kwangu nimeiegesha mwisho kabisa wa mstari, wala sikujipendekeza katikati. Mpiga picha ameshapiga goti. Ndipo huyo bwana akanyoosha kidole, tena kidole chenye glavu, akasema mbele ya watu wazima, wake zao, na watoto waliokuja kushangaa vyombo: "Oya, toa hicho kiberiti hapo, kinaharibu picha."

Kiberiti.

Ndugu zangu, kwanza niligeuka nyuma nikidhani kuna mtu anataka kuwasha sigara.

Halafu watu wakacheka. Kuna mmoja alicheka mpaka kioo cha helmeti yake kikaingia ukungu. Na mimi, kwa ujinga wangu, NIKAISOGEZA. Nikaisukuma kinyumenyume taratibu, umati mzima umesimama unanisubiri kama nimebeba toroli la mchanga. Kiberiti! Pikipiki ina gia tano, taa, honi, indiketa zote nne zinawaka (nitajie mwingine pale ambaye zote nne zinawaka), na bado ni kiberiti.

Sasa niwaulize, leo nani alifunga msafara? Mimi. Nani alibeba plagi ya akiba, viraka vya pancha, pampu na spana za watu ambao mikoba yao imejaa vitambaa vya kufutia krome? Mimi. Nani aliokota glavu mbili, kofia moja na kioo cha pembeni njiani? Mwenye kiberiti.

Na asubuhi je? Tumejipanga kuondoka, mtambo wake wa cc 1,200 hauwaki. Anabonyeza starta, kimya. Anabonyeza tena, kimya. Washauri kumi na saba wamemzunguka. Mmoja anasema betri, mwingine anasema fyuzi, wa tatu ameshaanza kufungua siti, wa nne ana nadharia ndefu kuhusu swichi ya stendi. Nikapenya katikati yao, nikairudisha mahali pake ile swichi nyekundu ya kuzimia injini iliyo mkono wa kulia. Nikamwambia bonyeza sasa. Ukawaka.

Haijaisha. Pale pa kupigia picha ardhi ni laini, stendi yake ikaanza kuzama, mtambo wa kilo zaidi ya mia mbili unainama kama mzee anayesinzia kwenye mkutano. Nani aliokota kopo, akalikanyaga likawa bapa, akalisukumia chini ya stendi? Dakika tatu baadaye nikaambiwa mimi ni mwenye kiberiti.

Picha imeshatumwa kwenye kundi. Nimeikuza. Kopo langu linaonekana! Kopo limo kwenye picha ya klabu, mimi simo!

Nataka radhi. Tena mstari uleule, watu walewale, na mpiga picha awe amepiga goti vilevile.

Tairi_Kipara

Nimevuta kiti, nimekaa mbele kabisa. Endelea mkuu.

Plagi_Chafu

Swali la kitaalamu: ni kiberiti cha njiti au cha gesi?

Mkia_wa_Msafara

Ni cc 125, mipigo minne, inapozwa kwa hewa. Heshima tafadhali.

Plagi_Chafu

Basi cha njiti.

Ekzosi_Bubu

Mkuu pole sana, ila kuna jambo moja. Kufunga msafara ni kazi anayopangiwa mtu mzoefu, anawekwa nyuma ili aone kila anayepata shida. Wewe leo ulipangiwa na nani? Maana mimi nilikuwa wa pili kutoka mwisho, na kila nikikutafuta kwenye kioo naona kichwa kinachomoza kwenye kilima halafu kinazama tena. Hukuufunga msafara. Uliachwa.

Tairi_Kipara

😂😂😂 Jamani muacheni avue helmeti kwanza

Mkia_wa_Msafara

Niliachwa kwa sababu nilikuwa NAOKOTA VITU VYENU. Kioo kile ni cha kwako, njoo ukichukue.

Ekzosi_Bubu

Kumbe unacho! Kausha, tuongee pembeni.

Mama_Gia

Mimi nilikuwepo asubuhi, na mleta mada ametuletea nusu ya habari. Ni kweli aliirudisha ile swichi. Lakini baada ya mtambo kuwaka, alipanda juu ya jiwe akatangaza: "Mtambo mzima, rubani ndiye mbovu!" Msafara wote ulisikia. Mpaka wapita njia walipiga makofi. Yule mzee wa watu alishika usukani akatazama chini kama mtoto aliyefeli. Sasa ulidhani mchana utaitwa nani? Mheshimiwa?

Mkia_wa_Msafara

Nilisema kwa sauti ya kawaida.

Mama_Gia

Nilikuwa nimevaa helmeti, injini inanguruma, na nilisikia mpaka ile nukta ya mwisho.

Mkia_wa_Msafara

Hata kama! Mimi nilimtania MTU. Yeye katukana PIKIPIKI. Pikipiki ilimkosea nini? Kiberiti!

Plagi_Chafu

Hoja imesimama kwa mguu mmoja, kama mtambo kwenye kopo.

Kabureta_Mkongwe

Vijana mnacheka vitu vidogo kwa sababu hamsomi. Honda Super Cub ilianza mwaka 1958 ikiwa na injini ya cc 49. Cc 49! Kufika mwaka 2017 familia hiyo ilikuwa imetimiza pikipiki milioni 100 zilizotoka kiwandani. Hakuna chombo kingine chenye injini kilichotengenezwa kwa wingi huo. Ile midude mnayopigia picha mingapi imefika huko? Mleta mada tembea kifua mbele, viberiti ndivyo vilivyoipa dunia magurudumu mawili.

Mkia_wa_Msafara

MUNGU AKUBARIKI MZEE WANGU.

Tairi_Kipara

Milioni 100 na hakuna hata kimoja kilichoingia kwenye picha ya leo.

Fulana_Iko_Wapi

Tukiwa bado kwenye mambo ya klabu, mimi nililipia fulana tangu msafara wa mwaka jana. Nikauliza, nikaambiwa nembo inarekebishwa. Nikauliza tena, nikaambiwa tutaitisha mkutano. Mkutano ukaitishwa, saa nne nzima tunabishana kama tai aliye kwenye nembo aangalie kulia au kushoto. Mwisho ikaundwa kamati ya tai. Fulana yangu iko wapi?

Klachi_Inateleza

Afadhali wewe hukupata. Mimi nilipata, nikaifua mara moja, sasa anavaa mwanangu wa miaka saba. Yule tai kajikunja mpaka anafanana na njiwa mwenye mafua.

Mama_Gia

Mnalia fulana? Mimi nina miaka sita naendesha, gia nakanyaga mwenyewe, cheni nakaza mwenyewe. Na bado kila msafara kuna mjuaji mpya anakuja kuniuliza, "Dada, umekuja na nani?" Nimekuja na pikipiki, kaka. Juzi mmoja alinishikia usukani wakati naegesha bila kuombwa, akaniangusha yeye. Halafu akanipa pole! Hilo la kiberiti kwangu ni salamu.

Ekzosi_Bubu

Pole dada. Ila yule alikuwa anataka kusaidia tu.

Mama_Gia

Ndiyo wewe, eh?

Ekzosi_Bubu

Tuendelee na mada.

Sekunde_Mbili

Mimi mada yangu ni moja na nitaisema mpaka mnichoke. Mnaendeshaje?! Kwenye msafara mnajipanga zigizaga: mmoja kushoto ya njia, anayefuata kulia. Unaacha angalau sekunde moja kutoka kwa aliye upande wa pili, na sekunde mbili kutoka kwa aliye mbele yako moja kwa moja. Mkifika kwenye kona kali mnakuwa mstari mmoja ili kila mtu apate njia yake. Leo nilikuwa na mtu ubavuni kilomita thelathini. Ubavuni! Kila nikitazama kulia tunaangaliana kama maharusi. Nikimpa ishara ya mkono arudi nyuma, ananipungia.

Tairi_Kipara

Nilidhani unanisalimia mkuu.

Sekunde_Mbili

NI WEWE?!

Klachi_Inateleza

Halafu tunaambiwa "tunaondoka saa kumi na mbili kamili asubuhi". Saa kumi na mbili nilikuwepo mimi na mlinzi. Saa mbili akaja wa pili. Saa tatu tukaondoka. Saa tatu na nusu tukasimama kupiga picha. Kwa hesabu zangu leo tumeendesha saa moja na robo, tumepiga picha saa tatu. Hii klabu ni ya pikipiki au ya kamera?

Kabureta_Mkongwe

Na ukaguzi wa usalama kabla ya kuondoka? Mkaguzi anapita anatazama stika. Mimi nikainama nikasoma tairi lake mwenyewe, zile tarakimu nne za mwisho ubavuni. Mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Lilikuwa 0814. Wiki ya 8, mwaka 2014! Mpira umekauka mpaka una mikunjo kuliko mimi. Nikamwambia, akanijibu, "Mzee, nyuzi zake bado zinaonekana."

Mkia_wa_Msafara

Wakuu naomba turudi. Kiberiti. "Toa hicho kiberiti." Mbele za watu. Hivi mnaielewa hiyo sentensi?

Plagi_Chafu

Tunaielewa. Kwani hicho kiberiti unatia oili gani?

Mkia_wa_Msafara

Oili ya kawaida, iliyobaki kwenye gari la shemeji.

Klachi_Inateleza

WEWE! Ya GARI?

Kabureta_Mkongwe

Mungu wangu. Mwanangu, pikipiki yako klachi yake inaogelea kwenye oili ileile ya injini. Oili nyingi za gari zina viungo vya kupunguza msuguano, na klachi inaishi kwa msuguano. Ukizitia, sahani zinaanza kuteleza. Injini inapiga kelele, mwendo hauongezeki. Tafuta oili iliyoandikwa JASO MA au MA2. Ile MB ni ya skuta zenye klachi kavu, usichanganye.

Ekzosi_Bubu

Kumbe ndiyo maana uliachwa mlimani!

Tairi_Kipara

Mzee mimi natia ya gari miaka minne na klachi iko safi. Hizo ni biashara za wauza oili.

Klachi_Inateleza

Miaka minne mimi nilisema hivyohivyo. Soma jina langu.

Sekunde_Mbili

Si kila oili ya gari ina tatizo hilo. Zile nzitonzito nyingi hazina hivyo viungo, shida kubwa iko kwenye nyepesi zilizoandikwa kuwa zinaokoa mafuta. Fuata kitabu cha pikipiki yako, mnabishana nini?

Tairi_Kipara

Nani anasoma kitabu?

Sekunde_Mbili

Inaonekana, kilomita thelathini nzima inaonekana.

Mama_Gia

Na kwenye cheni je? Fundi mmoja kaniambia nipake grisi nzito, mwingine kasema dawa ya kupuliza.

Kabureta_Mkongwe

Grisi nzito inashika mchanga, mchanga unakula sproketi. Safisha, kausha, paka oili ya cheni upande wa ndani, halafu acha ikae kabla hujaondoka, la sivyo yote inahamia kwenye rimu. Kama cheni yako ina vile vipete vya mpira, petroli usiiguse nayo kabisa.

Plagi_Chafu

Mimi nimeosha kwa petroli mpaka leo asubuhi. Nimeumia.

Ekzosi_Bubu

Ndiyo maana inalia kama panya kwenye debe. Nilidhani ni ndege wa porini.

Mkia_wa_Msafara

Nimevua helmeti.

Mzee Kabureta, hiyo MA2 kwa cc 125 inafaa? Na nikimwaga ile ya shemeji lazima nibadilishe na sahani za klachi, au zinaweza kupona zenyewe?

Kabureta_Mkongwe

Inafaa, angalia tu unene uwe ule ulioandikwa kwenye kitabu. Mwaga ikiwa ya moto, weka mpya, endesha siku chache. Ikiacha kuteleza umepona. Isipoacha, njoo na mfuko.

Plagi_Chafu

Na wakati wa kumwaga usikae karibu na moto, ni kiberiti hicho.

Fulana_Iko_Wapi

Jamani, fulana.