Washirika watatu Bagamoyo kuomba ruzuku moja: tuanzie wapi?

Swali: Habari wadau. Tuna vituo viwili vya kulelea watoto mchana, Dunda na Magomeni, na kikundi cha lishe Nianjema. Wazazi wengi ni wachuuzi wa samaki na vibarua. Mfadhili anataka ombi la pamoja. Nani abebe jina la mwombaji?

Mhasibu: Abebe mwenye usajili hai na hesabu zilizokaguliwa. Wengine wasaini hati ya makubaliano inayotaja nani anafanya nini, fedha zinafika lini, na mshirika akijitoa vifaa vinabaki kwa nani. Kosa kubwa ni kuunganisha bajeti tatu zilizoandikwa mbalimbali: unakuta waratibu watatu, na nauli ya kumpeleka mtoto zahanati haipo. Mfadhili anaona mara moja kwamba hamkukaa pamoja.

Dada Lishe: Naongezea, ushirikiano uonekane kwa mtoto mwenyewe. Mlezi akipima mzunguko wa mkono wa juu kwa utepe, mtoto wa miezi 6 hadi 59 akawa chini ya sentimita 11.5, ni utapiamlo mkali, aende kituo cha afya siku hiyohiyo. Fomu ya rufaa iwe na nakala tatu: mzazi, zahanati, kituo chenu. Ya zahanati isiporudi, mtu apige simu. Andikeni cheo cha mpigaji huyo na vocha yake ya simu kwenye bajeti.

Mhasibu: Na mwoneni Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri kabla ya kuandika. Lioanisheni ombi na PJT-MMMAM, programu ya taifa ya malezi iliyozinduliwa 2021.

Muulizaji: Asanteni sana. Tunaanza na hati.