Sukari ya mama ilipanda alipolazwa kwa korona. Je, ni korona iliyomletea kisukari?

Binti wa Moshi:
Habari zenu, ndugu zangu. Mama yangu, mwenye umri wa miaka 58, aliugua korona wiki saba zilizopita, akalazwa na kuwekewa oksijeni. Hakuwahi kuambiwa kwamba ana kisukari, lakini siku ya pili wodini sukari yake ilifika milimoli 15 kwa lita, akawa anachomwa insulini hadi siku ya kuruhusiwa. Juzi asubuhi, kabla hajatia kitu kinywani, kipimo kilisoma 7.8. Majirani wanaulaumu mtori tuliokuwa tukimpa apate nguvu. Naomba kueleweshwa: ugonjwa wa mapafu unaingiaje kwenye sukari?

Tabibu wa Arusha:
Pole kwa kuuguza, dada. Mwili unapopambana na maambukizi makali, tezi humwaga homoni za kotisoli na adrenalini, ambazo hulichochea ini kuachia sukari kwenye damu, na wakati huohuo kemikali za kinga huifanya misuli isiitikie kama kawaida insulini, homoni inayoingiza sukari kwenye seli, hivyo sukari huongezeka huku njia ya kuitumia ikiwa imebanwa. Tena kwa kuwa mama aliwekewa oksijeni, inawezekana alipewa deksamethazoni, dawa ambayo utafiti wa Uingereza wa mwaka 2020 ulionyesha kuwa hupunguza vifo kwa wagonjwa wa namna hiyo. Ni dawa ya ukoo mmoja na kotisoli, nayo hupandisha sukari. Hata hivyo athari hiyo huisha siku chache baada ya dozi kukoma, kwa hiyo 7.8 ya juzi haiwezi kusingiziwa dawa, wala mtori peke yake.

Mstaafu wa Kiboriloni:
Mimi nilipougua nilikonda hata mapaja yakalegea, na kliniki nilielezwa kwamba homa na kulala muda mrefu hula misuli, ilhali misuli ndiyo inayopokea sehemu kubwa ya sukari baada ya mlo. Mama atembee kidogo kidogo, hata kama ni kuzunguka mgomba tu.

Tabibu wa Arusha:
Mzee amenena kweli. Kuhusu swali lenyewe, ukweli ni kwamba watu wengi wana kisukari bila kujua, na korona huwa siku ya kwanza wanapopimwa. Upo pia utafiti wa mwaka 2022 juu ya wanajeshi wastaafu wa Marekani, uliokuta kwamba waliougua korona walipata kisukari zaidi kwa takribani asilimia 40 kuliko wasiougua, ingawa wengi wao walikuwa wanaume wa makamo na wazee. Kinachotenganisha mambo haya mawili ni kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu, endapo kilichukuliwa siku alipolazwa, kwa sababu siku chache za homa haziwezi kukisogeza sana. Tafuta karatasi zake.

Binti wa Moshi:
Nimezipata chini ya kitanda. Siku ya kulazwa imeandikwa asilimia 6.9, na hakuna aliyetueleza maana yake.

Tabibu wa Arusha:
Kwenye kipimo hicho cha wastani, kuanzia asilimia 6.5 ni kisukari. Basi kwa mama kilitangulia, korona ikakifichua. Mpeleke kliniki wiki hii, wampime macho, figo na miguu, na akianza kutapika au kuhema kwa kasi msisubiri hiyo siku ya kliniki.

Binti wa Moshi:
Asante sana. Kesho tunadamkia huko.