Je, Wamormoni wana Pasaka yao ya tarehe 6 Aprili?

Mwanzisha mada

Kila Kwaresima inapoanza, huanza pia maneno kwamba Wamormoni, yaani waumini wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, hawafuati Pasaka ya Wakristo wengine bali wana yao isiyohama, ambayo huangukia tarehe 6 Aprili kila mwaka hata kama siku hiyo ni Jumatano. Wapo wanaokwenda mbali zaidi na kudai kwamba hawaiadhimishi kabisa. Naomba tulijadili jambo hili kwa hoja. Msimamo wangu ni kwamba huu ni uvumi, ingawa haukuzuka hewani.

Tarehe 6 Aprili ina uzito mkubwa kwao, na sababu yake inajulikana. Kanisa lao liliundwa na Joseph Smith siku hiyo mwaka 1830 huko Fayette, katika jimbo la New York. Kitabu chao cha Mafundisho na Maagano, sehemu ya 20, aya ya kwanza, kinasema kwamba kanisa liliinuka miaka 1830 tangu Bwana alipokuja katika mwili, kisha kinataja mwezi wa nne na siku ya sita. Baadhi ya viongozi waliielewa aya hiyo kuwa inafunua siku aliyozaliwa Kristo. James E. Talmage aliandika hivyo mwaka 1915, na David A. Bednar, mmoja wa mitume wa kanisa hilo (ambao huitwa kwa cheo cha Mzee), alilirudia jambo hilo katika mkutano mkuu wa tarehe 6 Aprili 2014.

Tuangalie vizuri kinachosemwa hapo: ni kuzaliwa, si kufufuka. Msikilizaji aliyesikia Kristo na Aprili vikitajwa pamoja alijijazia Pasaka mwenyewe, kwa kuwa Aprili kwake ni mwezi wa Pasaka. Kama fundisho hilo lingeihamisha sikukuu yoyote, basi ingekuwa Krismasi, na hata Krismasi wanaiadhimisha tarehe 25 Desemba kama majirani zao.

Pasaka yao huhesabiwa kama ya Wakatoliki na Waprotestanti: Jumapili ya kwanza baada ya mwezi mpevu wa hesabu ya kikanisa unaoangukia tarehe 21 Machi au baada yake. Kwa hiyo haiwezi kutangulia tarehe 22 Machi wala kupita tarehe 25 Aprili. Historia yao wenyewe inathibitisha. Siku kanisa lilipoundwa ilikuwa Jumanne ya Juma Kuu, kwani Pasaka ya mwaka 1830 ilikuwa tarehe 11 Aprili. Nayo maono ambayo Joseph Smith na msaidizi wake Oliver Cowdery walisema waliyapata ndani ya hekalu la Kirtland, Ohio, yana tarehe 3 Aprili 1836, na waumini hupenda kukumbusha kwamba hiyo ilikuwa Jumapili ya Pasaka. Mtu mwenye Pasaka yake ya tarehe 6 asingekuwa na sababu ya kuifurahia tarehe 3.

Mchangiaji wa pili

Ndugu mwanzisha mada, umeisafisha njia haraka mno. Nakubali kwamba hakuna fundisho linaloiweka Pasaka tarehe 6 Aprili, lakini watu hawaishi kwa mafundisho peke yake, wanaishi pia kwa desturi, na desturi ndiyo jirani anayoiona. Wamormoni hawana Jumatano ya Majivu, hawafungi Kwaresima, na Ijumaa Kuu haina ibada rasmi katika kalenda yao. Mkutano wao mkuu, ambao hurushwa kutoka Salt Lake City, hufanyika mwisho wa juma wa kwanza wa Aprili, na hadi miaka ya 1970 ulipangwa ili uiguse tarehe 6 yenyewe. Pasaka ilipogongana na mkutano huo mwaka 2015, 2018 na 2021, waumini hawakukusanyika kwa sakramenti katika kata zao, yaani makutaniko yao ya mtaani, bali walifuatilia hotuba. Jirani aliyewaona siku hiyo alikuwa na haki ya kujiuliza wanaadhimisha nini hasa.

Tena mwaka 1980 Pasaka iliangukia tarehe 6 Aprili barabara, na siku hiyo Spencer W. Kimball, Rais wa kanisa hilo, alikuwa Fayette kuadhimisha miaka 150 ya kanisa. Aliyeyatazama hayo kwa mara ya kwanza angeambiwaje kwamba siku hizo mbili hazina uhusiano?

Mchangiaji wa tatu, Nairobi

Mimi ni muumini wa kanisa hilo, na nitasema machache. Mwaka 1980 ulikuwa mgongano wa kalenda. Pasaka iliwahi kuangukia tarehe 6 Aprili mwaka 1947, 1958 na 1969, na Wakristo wote wa Magharibi waliiadhimisha siku hiyo bila mtu kuwaita Wamormoni.

Kuhusu dai kwamba hatuna Pasaka kabisa, nadhani tunachanganywa na Mashahidi wa Yehova, ambao kweli hawaiadhimishi, bali hufanya Ukumbusho wa kifo cha Kristo kwa kufuata tarehe 14 ya mwezi wa Nisani wa kalenda ya Kiyahudi. Huku kwetu watu wawili wenye shati jeupe wakibisha hodi, majina hubadilishana kirahisi. Sisi Jumapili ya Pasaka tunakwenda kanisani, na mwaka 2023 uongozi uliagiza uwepo mkutano wa sakramenti, yaani ibada ya Jumapili, peke yake siku hiyo bila madarasa mengine, ili familia zipate muda wa kuadhimisha pamoja.

Niongeze kwamba hata hiyo siku ya kuzaliwa haijakubaliwa na wote ndani ya kanisa. Mzee Bruce R. McConkie, naye mmoja wa mitume wetu, aliandika kwamba kwa ujuzi tulio nao hatuwezi kuitaja kwa uhakika wa mwisho. Isitoshe, miswada ya kale ya mafunuo ya Joseph Smith iliyochapishwa mwaka 2009 imewafanya baadhi ya wanahistoria wetu waione aya ile ya kwanza kuwa utangulizi wa karani John Whitmer, aliyekuwa akieleza tarehe ya kuundwa kwa kanisa kwa lugha ya fahari.

Mwanzisha mada

Nashukuru kwa maelezo hayo ya miswada, maana yanaugusa mzizi wenyewe. Kama aya ilikuwa namna ya karani ya kuandika mwaka, basi uvumi wa Pasaka umejengwa juu ya tafsiri ambayo nayo ina mashaka.

Kwa mchangiaji wa pili, nakubali kwamba desturi yao ya Pasaka ilikuwa nyepesi kwa muda mrefu, na kuhusu Ijumaa Kuu sina la kukupinga. Lakini hilo ni swali la uzito wa sikukuu, na mada yetu ni tarehe. Mtu anaweza kuwalaumu kwa kuiadhimisha Pasaka kidogo kuliko inavyostahili bila kuwazulia kalenda wasiyokuwa nayo. Mgongano mwingine wa tarehe 6 Aprili utakuja mwaka 2042. Tutakaokuwapo tutauona uvumi huu ukifufuka, na safari hiyo Waanglikana na Walutheri nao watakuwa kanisani siku hiyo hiyo.