Mjadala: Kaunti zipime metali kwenye visima na sufuria ili kupambana na kisukari?

Mwanzisha mada, Kisumu

Swali langu ni moja. Kaunti za Kisumu, Kakamega na Migori zitenge pesa za kupima aseniki (sumu inayopatikana kwenye miamba), risasi (ile metali ya kwenye betri za gari, si ya bunduki), kadimiamu (metali nyingine yenye sumu) na zebaki kwenye visima na vyombo vya kupikia, na kazi hiyo ihesabiwe kuwa sehemu ya vita dhidi ya ugonjwa wa sukari? Mimi nasema ndiyo.

Tumefundishwa kwamba kisukari huletwa na soda, mandazi, kitambi na kukaa kitako. Ni kweli, na sitaki mtu yeyote aondoke hapa akiamini vinginevyo. Lakini mwili haupokei chakula peke yake. Hupokea pia kilichomo kwenye maji, moshi na chungu.

Ushahidi wenye uzito zaidi ni wa aseniki. Kusini-magharibi mwa Taiwan watu walikunywa maji ya visima virefu yenye aseniki kwa miongo kadhaa, na mwaka 1994 watafiti wakaripoti kwamba kadiri mtu alivyokunywa aseniki nyingi ndivyo kisukari kilivyokuwa kingi. Mwaka 1998 Bangladesh ikaonyesha picha kama hiyo. Mwaka 2008 Marekani walichapisha matokeo ya kupima aseniki kwenye mkojo wa watu wazima 788, na uhusiano na kisukari ukaonekana hata kwa watu wanaokunywa aseniki kidogo kuliko hao wa Asia. Maabara nazo zinaeleza njia yake: aseniki husumbua seli za kongosho zinazotoa insulini, na huzuia seli za mwili kupokea sukari kutoka kwenye damu. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha mikrogramu 10 kwa lita moja ya maji ya kunywa.

Sasa tutazame kwetu. Dhahabu mara nyingi hukaa kwenye mwamba wenye aseniki. Kakamega wamechimba tangu miaka ya 1930, siku za mgodi wa Rosterman, na hadi leo akina mama wanaponda mawe, vumbi linawajaa usoni, zebaki inachomwa nyuma ya nyumba. Utafiti wa mwaka 2002 kwenye ukanda wa dhahabu wa Migori ulikuta aseniki, risasi na zebaki nyingi kuliko kawaida kwenye maeneo ya machimbo. Familia hizo zinateka maji wapi? Nani amewahi kuwaonyesha karatasi ya vipimo vya kisima chao?

Na kuna sufuria. Mwaka 2017 watafiti walichapisha vipimo vya vyombo 42 vya alumini kutoka nchi kumi, Kenya ikiwemo, vingi vikiwa vimetengenezwa kwa vyuma chakavu. Zaidi ya theluthi moja vilitoa risasi ya kutia hofu vilipochemshiwa maji yenye tindikali, yaani hali kama ya kupika nyanya.

Muuguzi, Ahero

Ndugu, nakuheshimu, lakini napinga. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu Wakenya 88 kati ya 100 hawajawahi kupimwa sukari hata mara moja. Hata mara moja! Mama anakuja kwangu mguu umeshaoza ndipo anajua ana kisukari. Stripu za kupima zikiisha, tunamwambia mgonjwa akanunue dukani, na wengi hawarudi. Halafu wewe unataka pesa iende kupima sufuria?

Jambo la pili. Tafiti nyingi za metali humpima mtu siku moja, sukari na metali kwa pamoja. Hapo utajuaje kilichotangulia? Mwenye kisukari hukojoa sana, na mkojo huo hubeba zinki na magnesiamu. Ukimkuta na zinki chache mwilini, huenda ni ugonjwa uliozimaliza. Figo zikichoka nazo hubadilisha kiasi cha metali kinachotoka. Kwa kadimiamu, baadhi ya tafiti zinaona uhusiano na nyingine hazioni. Kwa risasi na kisukari ushahidi ni dhaifu zaidi. Wewe umeipa risasi nafasi kubwa kwa sababu ya sufuria.

Fundi, Kibuye

Mimi natengeneza sufuria, na mikono yangu ndiyo imesomesha watoto wangu. Nawaomba mtofautishe vitu. Kuna sufuria ya bati la alumini linalokuja karatasi mpya, tunakata, tunagonga. Na kuna ile ya kumiminwa, inayoyeyushwa kutoka injini, rejeta na chochote kilicholetwa na mwenye mkokoteni. Hizo si kitu kimoja. Mkiandika tu "sufuria za jua kali zina sumu," kesho hakuna mteja atakayesimama kwangu, na yule anayeyeyusha takataka atahamia mtaa mwingine aendelee.

Mchangiaji, Nakuru

Sisi huku tuna meno ya kahawia kwa sababu ya floridi ya maji ya Bonde la Ufa. Floridi si metali, najua, lakini imetufundisha kwamba maji yanaweza kuonekana safi kabisa na yakamdhuru mtoto. Kwa hiyo naunga mkono vipimo vya maji. Ila nauliza: badala ya kupima, si tuwape watu vidonge vya madini ambayo mwili huyahitaji kidogo, kama zinki, seleniamu na kromiamu? Hapa stendi ya matatu mjini zinauzwa kama dawa ya sukari.

Mwanzisha mada, Kisumu

Dada wa Nakuru, hapo ndipo nina hofu kuliko mahali pengine pote, kwa hiyo nivumilie nieleze kwa urefu.

Zinki ni ya lazima kweli. Kongosho linapohifadhi insulini, molekuli sita hukusanyika kuzunguka chembe mbili za zinki. Magnesiamu nayo: wanaokula kidogo huonekana kuwa na hatari zaidi ya kisukari. Lakini kuhitaji kitu hakumaanishi kwamba kikizidi ni bora zaidi. Marekani kulikuwa na jaribio ambamo watu walipewa mikrogramu 200 za seleniamu kila siku kwa miaka, wengine wakapewa vidonge visivyo na kitu. Matokeo ya mwaka 2007: waliomeza seleniamu ndio waliopata kisukari zaidi. Jaribio kubwa lililofuata, lililotangazwa mwishoni mwa 2008, halikuthibitisha madhara hayo wazi, lakini halikuonyesha kinga yoyote. Kwa kromiamu, majaribio yanapingana. Anayemuuzia mgonjwa chupa hizo na kumwambia aache metformini, dawa yake ya kisukari ya hospitali, anacheza na maisha ya mtu, na inaniuma sana kuona jambo hili likifanyika mchana kweupe.

Chuma nacho kinahitaji uangalifu. Kikizidi mwilini huharibu kongosho na ini. Madaktari wanalijua hilo kwa watu wenye maradhi ya kurithi ya kulimbikiza chuma, na kwa wanaoongezewa damu mara kwa mara. Huku kwetu wenye selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, ni wengi, na wanaoongezewa damu mara nyingi wanapaswa kufuatiliwa. Lakini mama mjamzito mwenye upungufu wa damu asiache vidonge vyake vya chuma kwa sababu yangu! Malaria na upungufu wa damu vinaua hapa, tena haraka.

Mama muuguzi, kuhusu risasi tunakubaliana: kwa kisukari ushahidi wake ni mdogo. Mimi naitaja kwa sababu chombo kimoja cha maabara husoma metali kadhaa kwa mpigo mmoja, na kwa sababu risasi hupandisha shinikizo la damu na kuharibu figo, mambo yaleyale ambayo mgonjwa wa sukari anapambana nayo. Kwake yeye hatari hizo haziji kila moja na siku yake.

Mvuvi, Dunga

Na samaki? Niliambiwa mbuta, yaani sangara, ana zebaki, zebaki inaleta sukari. Watu wameanza kuniuliza sokoni.

Mwanzisha mada, Kisumu

Mzee, usiache kuvua. Mwaka 2013 zilitoka tafiti mbili za Marekani: moja ilisema vijana wenye zebaki nyingi kwenye kucha walipata kisukari zaidi baadaye, nyingine haikuona chochote. Samaki mkubwa anayekula wenzake, kama mbuta, hulimbikiza zebaki kuliko omena, wale dagaa wadogo. Kumtoa samaki mezani na kuweka soseji kunaweza kuongeza hatari ya kisukari.

Mwalimu, Kakamega

Mnakumbuka sukari ya magendo mwaka 2018? Waziri Matiang'i alisema ina zebaki na shaba, waziri mwingine akawaambia wabunge hakuna zebaki. Sisi wa ukanda wa miwa tuliachwa tukibahatisha. Vipimo vikifanywa, namba zote zibandikwe kwa chifu na dispensari, jina la kisima, tarehe na kiwango. La sivyo ni bora wasianze.

Muuguzi, Ahero

Mwalimu amenigusa. Nitakubali kwa sharti: pesa isitoke kwenye stripu wala dawa. Itoke idara ya maji kwa visima, na ianzie maeneo ya machimbo tu, si kaunti nzima. Na anayechukua sampuli ya maji abebe pia mashine ya sukari, awapime watu wa boma hilo siku hiyohiyo. Watu wa machimboni hawaji kliniki.

Fundi, Kibuye

Mimi nitaleta sufuria zangu tatu, mbili za bati na moja ya kumiminwa, mkinipa mahali pa kuzipeleka. Na mtuulize sisi tunanunua chuma chakavu kwa nani. Betri za gari zinavunjwa kando ya tanuru lile lile, na wanaozivunja ni vijana wa miaka kumi na sita. Hao hakuna aliyewataja hapa.

Mwanzisha mada, Kisumu

Fundi, umesema kweli, na wao wanavuta risasi hiyo mchana kutwa. Kikao cha maoni ya wananchi kuhusu bajeti kikitangazwa, naomba uje useme maneno hayo hayo mbele ya MCA, mwakilishi wetu wa wadi kwenye bunge la kaunti. Mimi nitabeba ya visima, na ya stripu namwachia mama muuguzi.