Mto wa Mbu, Tarangire, kisha harusi Chekereni: losheni, neti au udi?

Binti wa Njiro

Habari za humu wakuu, na wakubwa wote shikamooni. Naomba mnisaidie kuchagua kinga ya mbu kabla sijaenda kumwaga hela dukani.

Jumatano tunatoka Arusha familia nzima: mimi, baba watoto, mama mkwe, mtoto wa mwaka mmoja na miezi miwili, na shemeji yangu aliyeingia juzi kutoka Makete. Tunalala Mto wa Mbu usiku mbili, Ijumaa tunashinda Tarangire kutwa nzima halafu tunarudi nyumbani. Jumamosi tunashuka Moshi, Chekereni, kuna harusi. Sherehe iko nje chini ya turubai na nawajua hao ndugu zangu, saa sita usiku ndiyo kwanza wanagawa keki.

Sisi wa Njiro mbu tunamwona mara mojamoja, baridi inatusitiri. Shemeji ndiyo kabisa, kwao huko juu mbu anamsoma kwenye kitabu cha sayansi. Na mvua ndiyo hizi.

Hela ipo ya vitu viwili, labda vitatu tukijibana. Nimeona losheni ya kupaka yenye DEET, ile dawa ya kufukuza wadudu, nimeona neti ya kubeba wenyewe, na kuna udi wa kuchoma pamoja na dawa ya kupulizia chumbani. Baba watoto anasema boksi moja la udi linatosha, mengine ni mbwembwe. Mngekuwa ninyi mngechukua nini?

Chalii wa Chuga

Dada usijichoshe. Kuna programu ya simu inatoa mlio mwembamba, mbu hasogei. Bure kabisa.

Mangi wa Soweto

Chalii, hiyo programu nilikesha nayo Mabogini. Mbu alitua juu ya simu yenyewe. Imepimwa na watu wenye kazi yao tena na tena, mwenye mlio na asiye na mlio wanaumwa sawasawa. Mbu jike anakufuata kwa pumzi unayotoa, joto lako na harufu ya ngozi. Mlio haumhusu.

Dada, mimi nimekulia kwenye mpunga huko huko unakokwenda, kwa hiyo niachie Chekereni. Ile skimu ya mpunga ya Lower Moshi ilijengwa kwa msaada wa Wajapani miaka ya 80, na majaruba yakijaa maji, mbu nao wanajaa. Mbu wetu mkubwa wa malaria pale ni Anopheles arabiensis. Huyu ana tabia mbili zitakazokuharibia harusi. Ya kwanza, hamsubiri mtu aingie ndani alale, anauma hata nje na anaanza giza likiingia. Ya pili, ukiwa umekaa kwenye kiti anapenda chini, vifundo vya miguu na nyayo. Wanawake mtakuwa na viatu vya wazi. Umenielewa.

Kwa hiyo neti haikusaidii chochote ukiwa kwenye turubai. Lakini kwa Mto wa Mbu usiniambie utaacha neti. Nyumba nyingi za wageni wanazo, tatizo ni hali yake. Utakuta imefungwa fundo juu ya kitanda kama kilemba, ukiishusha ina tundu la kupitisha ngumi. Nenda na sindano na uzi. Ukiweza nenda na yako ya mstatili. Ya duara inaning'inia karibu na mwili, na mguu ukigusa neti mbu anakuuma kwa nje bila hata kuingia. Chomekea chini ya godoro pande zote, na fanya hivyo kabla ya jua kuzama, siyo saa nne mkiwa mmeshafungia mbu sita ndani.

Kama ni mpya yenye dawa, itoe kwenye mfuko uitundike kivulini siku nzima kabla ya kuitumia, la sivyo mtoto atalalamika macho yanamwasha. Kuifua ni sabuni ya kawaida na kuanika kivulini, siyo juani.

Halafu hapo hapo Arusha mna bahati, neti zinatengenezwa kwenu. Zile za Olyset zimekuwa zikitoka kiwanda cha A to Z tangu 2003, dawa imechanganywa ndani ya uzi wenyewe, haikupakwa juu. Ila ukikuta zilizoandikwa PBO chukua hizo. Mbu wengi wameshakuwa sugu kwa dawa za kawaida za neti, na PBO inamvunja huo usugu. Zilijaribiwa Muleba kule Kagera, kwenye vijiji vya watu, na watoto wa upande wa PBO walipata malaria kidogo zaidi.

Dereva wa Pori

Mnabishana mbu, dada ana siku nzima ya Tarangire na hakuna aliyemtajia ndorobo.

Nina miaka kumi na moja kwenye usukani, kaskazini yote. Mgeni anashuka ndege na begi zima la dawa za mbu, tunafika Tarangire saa tano asubuhi anaanza kupiga yowe. Ndorobo, au mbung'o kama mlivyofundishwa shuleni, ni mdudu wa mchana. Losheni ya DEET anaiheshimu kidogo sana. Shati jepesi analitoboa. Ukimpiga kofi anaanguka, unadhani umemmaliza, anajikung'uta anarudi pale pale.

Kinachomvuta ni kitu kikubwa kinachotembea, yaani gari lenyewe, na rangi ya buluu na nyeusi. Mkiingia mtaona vitambaa vya buluu na nyeusi vimetundikwa kwenye miti. Wageni huniuliza ni bendera za nani. Ile ni mitego, ina dawa, ndorobo akitua imekula kwake. Sasa wewe ukivaa jinzi ya buluu umejifanya kitambaa. Vaa kaki, kijivu, rangi ya udongo, nguo nzito kidogo na ipwaye. Gari likipita kwenye vichaka pandisheni vioo, mkifika uwazi fungueni. Sisi wengine tunachoma mavi makavu ya tembo kwenye kopo nyuma ya gari, moshi unasaidia, ila na mtoto ndani sikushauri.

Msiogope kupita kiasi, wanaoumwa na ndorobo ni wengi mno na wanaopata malale, ugonjwa anaoueneza, ni wachache sana. Lakini ipo. Mwaka 2001 watalii kadhaa waliotembelea hifadhi zetu za kaskazini walirudi kwao wakakutwa na malale. Chanjo hakuna. Pakivimba kukawa kidonda na homa ikafuata, mtu aende hospitali na ataje kabisa kwamba aliumwa na ndorobo.

Nguo za kupuliziwa permethrini, dawa ya kuua wadudu, ndizo naona zinawafaa wageni wangu wengi kwa mbu na kupe, wanakuja nazo kutoka kwao. Inapulizwa kwenye nguo, inakauka, inavumilia kufuliwa mara kadhaa. Haipakwi mwilini. Madukani kwetu sijaizoea kuiona, ndiyo maana sikuweki hapo.

Chalii wa Chuga

Sawa sawa, nimefuta programu.

Muuza Dawa

Nipo kaunta, najibu kati ya wateja, mnisamehe nikikatika.

DEET. Watu wanaingia dukani wanataka "ile kali." Asilimia iliyoandikwa kwenye kichupa haisemi ukali, inasema muda. Ya asilimia 10 inakupa kama saa mbili. Ya 20 mpaka 30 inakufikisha saa nne, tano, sita, kutegemea jasho. Kupita 50 hauongezi kitu. Kwa harusi ya kuanza saa kumi na mbili mpaka saa sita, chukua ya 30, paka jioni na rudia mara moja.

Dawa hii siyo mpya wala ya kubahatisha. Ilitengenezwa Marekani kwa ajili ya jeshi lao miaka ya 1940, raia wakaanza kuitumia 1957. Mtoto wako wa miezi 14 anaruhusiwa, wanaokatazwa ni chini ya miezi miwili. Ila umpake wewe, kwanza mkononi mwako ndipo mwilini mwake. Viganja vyake usiviguse, vitaishia mdomoni. Usipake chini ya nguo wala penye mchubuko. Mkilala mwogeshe. Kama ni Tarangire juani, mafuta ya jua yatangulie, yakikauka ndipo dawa ya wadudu.

Ubaya wake: inayeyusha plastiki. Miwani, saa, kava la simu, rangi ya kucha. Sisemi kuwatisha, nimeona kioo cha saa kimekuwa ukungu. Kama hilo linakukera, tafuta yenye pikaridini asilimia 20. Kwa mbu zinakaribiana, haina harufu ile na haili plastiki. Kuipata ndiyo kazi. Mafuta ya mkaratusi wa limau, yale yaliyoandikwa PMD, nayo yanafanya kazi vizuri, lakini chini ya miaka mitatu hapana, kwa hiyo kwako yanatoka.

Mpenda Asili

Mbona mmeruka vya kwetu? Bibi yangu Rombo alikuwa anatundika kivumbasi dirishani na mchaichai umezunguka nyumba. Hatukujua losheni ni nini.

Mangi wa Soweto

Bibi wa Rombo alikuwa juu mlimani. Mwambie ashuke Kahe na kivumbasi chake.

Muuza Dawa

Mangi taratibu. Kivumbasi siyo uongo, kina mafuta yanayomkera mbu, na mchaichai vilevile. Shida ni kwamba yanaruka upesi. Ukipaka sasa hivi, baada ya muda mfupi umebaki na harufu nzuri tu. Barazani jioni nyumbani tundika, hakuna hasara. Kumlinda mtoto usiku mzima Mto wa Mbu, hapana.

Na kwa baba watoto na udi wake. Dawa iliyomo ni ndugu wa pareto, lile ua la kuulia wadudu, ila hii ni ya kiwandani. Kwenye baraza lisilo na upepo, ukiwa chini ya meza, inapunguza kweli. Chumba kimefungwa na mtoto ndani, unamlaza kwenye moshi usiku kucha. Kupulizia chumba kunaua waliomo, wanaoingia baadaye hawana habari. Mkipulizia, tokeni, fungeni, rudini baada ya nusu saa na mfungue madirisha yenye wavu. Feni ikiwepo iwasheni ielekee kitandani, mbu anaruka kivivu sana, upepo unamshinda.

La mwisho kabla mteja hajanikasirikia. Homa yoyote kuanzia wiki moja baada ya safari, hata mwezi, hata miwili, kapimeni. Huyo shemeji wa Makete hasa, amekulia pasipo malaria, mwili wake hauijui. Asimeze dawa mseto kwa kukisia.

Binti wa Njiro

Asanteni sana. Kumbe shemeji babake analima pareto, nimemwambia udi ni ndugu yao amecheka.

Basi nachukua losheni ya 30 na neti ya mstatili. Udi baba watoto atajinunulia kwa hela yake. Jinzi zote nimezitoa kwenye begi.

Dereva wa Pori

Utupe mrejesho.

Binti wa Njiro

MREJESHO, samahani nimechelewa wiki tatu.

Mto wa Mbu: Mangi, ulikuwa unakiona kile chumba. Fundo, kilemba, na tundu upande wa miguuni. Mama mkwe alishona kwa uzi mwekundu huku akilaumu wenye nyumba. Ile tuliyokwenda nayo tulilala mimi na mtoto, asubuhi nikahesabu mbu wanne wametua kwa nje, wawili matumbo mekundu. Nilijiuliza ni damu ya nani mpaka baba watoto akaamka anajikuna. Alilala kwenye kochi na udi wake.

Tarangire: shemeji alivaa jezi ya buluu. Nilimwambia. Akasema mdudu hajui rangi. Kufikia saa saba alikuwa amejifunika kanga yangu ya kahawia mpaka kichwani, hata tembo hakuwaona vizuri. Sisi wengine tuliumwa mara mbili tatu, yeye tuliacha kuhesabu. Hakuna kidonda wala homa mpaka leo.

Chekereni: hapa ndipo losheni ilipolipa. Meza yetu tulipaka miguu yote saa kumi na mbili na nusu, tukarudia saa nne. Meza ya jirani walikuwa wanapiga vifundo vya miguu kama wanacheza ngoma. Mwishoni kichupa kilizunguka turubai zima kikarudi kitupu.

Mtoto alichemka siku ya 12. Tulimkimbiza zahanati tukataja safari yote, kipimo cha malaria kikatoka hasi, kumbe sikio.

Muuza Dawa

Vizuri sana kumpima. Na plastiki mlipona?

Binti wa Njiro

Shemeji alipaka, hakunawa, akavua miwani yake mipya ya jua kwa vidole. Kioo cha kulia kina dole gumba lake, mistari yote inaonekana. Ameondoka nayo Makete hivyo hivyo.