Mrejesho: ile faini ya ajali ya Mwenge

Wakuu, niliwauliza kama nilipe faini ya 30,000 au nibishe. Kwa aliyepitwa: nilikuwa nimesimama kwenye taa nyekundu pale Mwenge, Dar, daladala ikanigonga nyuma, nikasukumwa nikaigonga Noah iliyokuwa mbele. Trafiki aliyefika akaniandikia mimi, eti sikuacha nafasi.

Sikulipa. Mlioniambia kulipa ni kukiri kosa, asanteni sana. Kesho yake nikaenda kituoni nikasema niko tayari kwa mahakama. Sauti ilitetemeka, ila nilisema.

Kilichoniokoa ni picha moja niliyopiga kabla magari hayajasogezwa: vipande vya taa yangu ya nyuma vimemwagika chini ya bampa ya daladala, na lami nyuma yake haina hata alama ya breki. Dereva wa Noah naye akaeleza kwamba alisikia kishindo kwanza, ndipo akaguswa. Konda, aliyekuwa anaongea kuliko dereva wake, hapo akanyamaza.

Mchoro wa ajali ukarekebishwa, faini ikafutwa, kosa likahamia kwa mwenye daladala. Bima yake ndiyo inayotakiwa kututengenezea sote wawili, lakini mpaka PF 90, ile ripoti ya polisi ya ajali, itoke hakuna anayefungua pochi. Fundi wa magari wa mtaa wa Gerezani keshataka advansi. Kwa sasa buti nimelifunga kwa kamba ya katani, na watoto wa mtaani wameshalipachika gari jina.