MREJESHO: Uraia wa Japani kwa mtoto aliyezaliwa Dar es Salaam

Niliuliza kama mtoto wa mama Mjapani na baba Mtanzania aliyezaliwa Dar anapata uraia wa Japani moja kwa moja. Wakuu, asanteni, limekamilika.

Anaupata kwa kuzaliwa, lakini kwa kuwa pia ni Mtanzania tangu siku hiyo, wazazi wasipotoa taarifa ubalozini ndani ya miezi 3 anaupoteza, na huhesabika kama hakuwahi kuwa nao. Siku ya kuzaliwa inahesabiwa: wa tarehe 10 Machi, mwisho ni 9 Juni. Msisubiri siku za mwisho.

Kwenye fomu ya taarifa ya kuzaliwa kuna sehemu ndogo ya kutamka kwamba mnabakiza uraia wa Japani. Usiiruke hiyo! Fomu inadai pia saa na dakika ya kuzaliwa, kwa hiyo tunzeni karatasi ya hospitali pamoja na cheti cha kuzaliwa cha RITA (wakala wa serikali wa usajili). Tafsiri ya Kijapani mzazi anaweza kuifanya mwenyewe.

Aliyechelewa bado ana njia: kabla ya miaka 18, akiwa anaishi Japani, anaweza kuomba kurudishiwa.